Gari Lisilo na Moto

Mwenye gari alinikuta juu ya ngazi, nafunga taa katika nyumba moja ya mtaa wa Musinzira, hapa Gitega. Alisubiri chini mpaka niliposhuka, jambo ambalo wateja wa umri wake hawalifanyi. Wengi huita kutoka barabarani. Nilimfahamu. Alikuwa na duka la vyombo na vifaa vya ujenzi, Mwislamu wa asili ya Kihindi ambaye baba yake na babu yake walizikwa nchini humu, na nyaya nyingi nilizofunga mjini nilizinunua kwake.

Aliniambia amepata basi dogo kuukuu, ameng'oa viti vyote vya nyuma, na anataka nilitie umeme liwe kama chumba: kitanda, taa, friji ndogo, jiko. Nikamshauri kwamba kwa upande wa jiko ni afadhali mtungi mdogo wa gesi, maana jiko la umeme hula betri kuliko vitu vingine vyote vikijumlishwa.

"Fundi, mi sitaki gazi," alisema. "Hata kibiriti sitaki iingie mule. Ni gari ya bibi yangu."

Kisha akanieleza habari za mkewe, tukiwa tumesimama pale pale kwenye vumbi la saruji. Miaka mitatu nyuma mtungi wa gesi ulivuja jikoni kwao na mkewe akaungua mikono, shingo na upande mmoja wa uso. Alipona, lakini tangu siku hiyo hakuweza kuuona moto wa aina yoyote, hata mshumaa, hata makaa yaliyobaki mekundu chini ya majivu. Nyumbani kwao hupikwa kwa umeme tu, na umeme ukikatika hula mkate na maziwa baridi. Sasa mdogo wa pekee wa mkewe, aliyeolewa Muyinga, alikuwa na uvimbe tumboni, na madaktari wa Bujumbura walikuwa wamemrudisha nyumbani. Mara mbili mke wake alikwenda kumwona, na mara zote mbili aliishia langoni. Uani kwa mdogo wake, kama uani kwa watu wote wa Muyinga, mbabula, yale majiko ya makaa, huwashwa alfajiri na hazizimwi mpaka jioni. Alitetemeka, akarudishwa garini, akaondoka bila kumwona mgonjwa. Mume akafikiri kwamba kama angekuwa na chumba chake mwenyewe nje ya lango, chumba kisicho na moto, angeweza kukaa karibu na ndugu yake siku kadhaa, apike chakula chake, na mgonjwa akipata nafuu kidogo atoke waonane.

Sikuwahi kufanya kazi ya namna hiyo. Umeme nilijifunzia katika kambi ya wakimbizi, Tanzania, upande wa Kigoma, kwa mzee aliyekuwa akitengeneza redio; tuliporudi nchini wazazi wangu walipewa shamba Mwakiro, huko huko mkoa wa Muyinga, nami nikaja Gitega kwa kuwa mkoani kwetu nyumba zenye nyaya zilikuwa chache. Nimefunga umeme katika nyumba, zahanati na makanisa. Gari ni kitu kingine. Linatikisika, lina joto, na hakuna ukuta wa kukulinda na kosa lako.

Nilipima paa. Lilikuwa na kutu upande wa nyuma, na kwa mbele kulikuwa na tundu la hewa, kwa hiyo paneli za sola ziliingia mbili tu. Chini ya kitanda palitosha betri mbili kubwa na inverta, kile kifaa kinachougeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Jiko tulichagua lile bapa ambalo halitoi wekundu wowote. Lenyewe hubaki limetulia, likapasha sufuria peke yake. Nikapiga hesabu kwenye kipande cha boksi. Jua likiwaka vizuri, angeweza kupika kama dakika arobaini kwa siku, na taa na friji vikabaki. Jua lisipowaka, hesabu yangu iliishia hewani. Nilimwambia mume, naye akasema ataongeza betri nyingine zikifika kutoka Dar. Hazikufika.

Juma lile mkewe alikuja kuangalia. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, amejitanda ushungi mpaka kidevuni. Aliingia garini akakaa mahali pa kitanda, ambapo palikuwa na mbao tupu, akanyoosha mkono kuligusa jiko. Ngozi ya vidole vyake ilikuwa imevutana na kung'aa kama karatasi iliyokunjwa ikakunjuliwa.

"Hii haiwaki?" aliuliza.

Nikamwambia haiwaki, hutaona kitu.

"Na umeme itatosha? Mi nataka nimpikie chai. Tangu utoto ye hunywa chai ya mkono wangu."

Ningeweza kumwonyesha kile kipande cha boksi. Kilikuwa mfukoni. Nikamwambia, "Itatosha, Mama." Mpaka leo sijui vizuri kwa nini. Nadhani ni ile mikono.

Lile jiko lilikuwa na masharti yake. Halipashi sufuria za alumini, ila chombo kinachonaswa na sumaku tu, na sufuria zote za kwetu ni za alumini. Ilinibidi nichukue sumaku ya spika iliyokufa, tukazunguka sokoni mimi na yeye, tukibandika sumaku kwenye kila chombo. Wauzaji walituangalia kama watu waliopotewa na akili. Ilinata kwenye sufuria moja tu ya chuma, yenye rangi ya bluu iliyobanduka ukingoni. Aliicheka, akaipakata njia nzima kama mtoto. Hiyo ndiyo siku pekee niliyomwona akicheka.

Kazi ilinichukua majuma matatu. Waya mnene wa kutoka betri hadi inverta sikuupata Gitega, nikaunganisha nyembamba mbili mbili na kuzibana kwa nyundo. Nilivuta pia waya kutoka kwenye injini, ili gari likitembea lizichaji betri. Kila tundu nililotoboa paani nililiziba kwa gundi, nikamwaga ndoo ya maji juu, nikaingia ndani kutazama kama kunavuja. Siku tuliyochemsha maji kwa mara ya kwanza, mumewe alisimama mlangoni na saa yake. Yalichemka. Mama alitazama mvuke bila kurudi nyuma, na hapo nikajisadikisha kwamba nilichosema kilikuwa kweli.

Mume aliniomba niende nao Muyinga, endapo kitu kitalegea njiani. Petroli ilikuwa shida kama ilivyo siku hizi; watu wanalala vituoni kwenye foleni. Alikuwa amedunduliza ya kwenda na kurudi, haikuzidi.

Tulifika mchana wa jua kali, tukaegesha nje ya lango la shemeji yake, mume wa mgonjwa, mwenye duka la vitambaa. Betri zilikuwa zimejaa kwa safari. Mama akapika wali na dengu, akala, akalala. Mdogo wake hakuweza kutoka siku hiyo. Alikuwa na maumivu. Walisalimiana kwa simu, mmoja kitandani na mwingine garini, ukuta mmoja kati yao. Niliwasikia wakizungumza Kigujarati.

Asubuhi yake mvua ikaanza. Haikuwa mvua ya kishindo. Ilikuwa ile ya manyunyu inayokaa juu ya vilima bila haraka, na wingu limeshuka mpaka kwenye mapaa. Paneli zangu mbili zilitoa umeme wa kuwashia taa, basi. Siku ya kwanza ya mvua alipika mara moja. Siku ya pili aliniambia nizime friji. Nilivuta waya kutoka nyumbani kwa shemeji yake ili nichaji kwa umeme wa mji, lakini umeme ulikuja dhaifu sana hata chaja ikaukataa, kisha ukakatika kabisa. Nikataka kuwasha injini ichaji. Mume akanionyesha mshale wa mafuta. Kila nusu saa ya kuunguruma pale ilikuwa kilomita za kurudi.

Siku ya tatu nilipanda baiskeli ya abiria mpaka Gashoho, kwa kuwa niliambiwa kuna mwenye mashine ya kusaga ambaye pia ana jenereta. Nilimkuta amekaa juu ya magunia. Jenereta ilikuwepo, nzuri kabisa, na tangi lake lilikuwa kavu tangu majuma mawili. Mahindi ya watu yalikuwa yamepangwa mlangoni yakisubiri. Aliniuliza kama kwetu Gitega mafuta yanapatikana. Tukacheka kidogo, nikarudi nimelowa.

Niliporudi, mume wa mgonjwa alikuwa ametoka kutuambia kwamba mgonjwa ameamka ana nguvu kidogo na ameomba chai. Chai ya dada yake. Mama alikwisha kuweka sufuria ya bluu juu ya jiko. Nikamwambia asubiri, nikapima betri, nikaona kwamba zimeshuka mno. Nilizima taa, nikachomoa kila kitu. Nikamwambia atie maji ya kikombe kimoja tu.

Jiko likaanza. Ukilipunguza halipungui kwa kweli. Huvuta nguvu yote, likapumzika, likavuta tena. Kila lilipovuta, inverta ililia. Nilipiga magoti nimezishika zile nyaya nilizobana kwa nyundo, zilikuwa zinapata moto mkononi mwangu, kana kwamba kuzishika kungesaidia. Maji yakaanza kutoa vipovu vidogo pembeni. Kisha inverta ikalia mlio mmoja mrefu na kila kitu kikazima.

Niliwasha tena. Ikazima. Nikasubiri dakika chache, nikawasha. Ikazima kabla hata jiko halijaitika. Mama hakunilaumu. Alitia majani ya chai katika yale maji ya vuguvugu, maziwa, sukari na iliki, akakoroga muda mrefu, lakini rangi haikutoka. Akamimina kwenye chupa, akashuka nayo.

Nilimwambia nipeleke mimi. Akakataa. Alitembea mpaka langoni, kama hatua kumi, na shemeji yake akafungua. Uani, chini ya kibanda, mpishi alikuwa ameweka sufuria juu ya makaa. Mama alisimama. Niliona mgongo wake ukikaza. Alijaribu kunyanyua mguu, akaurudisha pale pale. Mumewe alimfunika mwavuli na hakumvuta wala kumsukuma. Mpishi alipoelewa, alimwagia makaa maji, na hilo likawa baya zaidi, kwa ule mvuke na ile sauti. Mama akageuka nyuma akiwa ameikumbatia chupa.

Ndipo shemeji yake aliponiita. Tulimbeba mgonjwa juu ya godoro, yeye kichwani na mimi miguuni, mume wa Mama akishika mwavuli. Alikuwa mwepesi kuliko godoro. Tulimwingiza garini kwa mlango wa nyuma, tukamlaza kwenye kile kitanda nilichokijengea betri chini yake, na dada yake akapanda akakaa kichwani kwake.

Mgonjwa alikunywa vijiko vitatu vinne.

"Haikuchemka," alisema mgonjwa kwa Kiswahili, akitutazama sote, pengine ili tujue kwamba hakudanganyika.

"Haikuchemka," alijibu Mama. "Kunywa tu."

Tuliwafungia mlango. Walikaa humo mpaka alasiri, gizani, kwa kuwa hata taa haikuwaka. Mimi nilikaa barazani kwa shemeji nikitazama paneli zangu zikitiririsha maji.

Kesho yake tulirudi Gitega. Majuma machache baadaye kiangazi kikaingia, jua likawaka kutwa, na gari likawa uani kwao limeegeshwa, betri zimejaa pomoni. Mume alikuwa anatafuta petroli ya kurudi Muyinga. Kila nilipopita alinieleza alikokwenda kuitafuta.

Simu ilikuja asubuhi kwamba mdogo wa Mama amefariki. Waislamu hawacheleweshi maziko. Angezikwa baada ya sala ya adhuhuri. Mume alinipigia nije na dumu. Tuligawana mji. Nilikwenda kituo cha mafuta cha upande wa chini, nikakuta msururu wa magari hauna mwisho na pampu imefungwa kwa mnyororo. Nilikwenda kwa madereva ninaowajua, kwa mkandarasi mmoja niliyemfungia umeme, kwa padri wa parokia ya jirani. Padri alinipa lita tatu kutoka kwenye pikipiki ya parokia na mashine ya kukatia majani. Mume alirudi mikono mitupu. Muyinga ni mbali. Lita tatu zingetuacha vilimani.

Tulipoingia uani, Mama alikuwa amekwisha kukaa kiti cha mbele cha lile gari, amejitanda nguo nyeupe, amefunga mkanda. Alitazama dumu, akatazama uso wa mumewe. Hakuna aliyemwambia ashuke. Mume alikaa kwenye usukani, akafunga mlango, na wakabaki hivyo, gari limetulia.

Saa sita na nusu shemeji yake alipiga simu, akaiacha wazi. Tulisikia watu wengi, wakisoma kwa pamoja, kisha hatua, kisha udongo. Mama aliishika simu kwa mikono yote miwili mpaka ikakatika. Akafungua mkanda, akashuka mwenyewe, akaingia ndani. Mumewe akamfuata.

Nikabaki peke yangu uani na dumu. Sikuweza kuondoka nalo na sikuona mahali pa kuliweka. Mwishowe nilifungua kifuniko cha tangi la gari nikamimina zile lita tatu, polepole, nisimwage hata tone.