Daraja Tulilokatazwa Kulipita

Harufu ya magome mabichi ya mkoko hunipandisha hasira mpaka leo. Enzi za Mwingereza, kijiji chetu cha delta kilijenga daraja kwa msaragambo, juu ya mkono wa mto uliotutenga na njia ya Kibiti. Hakuna aliyelipwa wala aliyeomba kulipwa, tulilitaka wenyewe. Wanaume walizama topeni hadi kiunoni, wakikata boriti za mkoko kwa shoka na kuzichonga kwa tezo. Misumari hatukuwa nayo, kwa hiyo kila kiungo kilifungwa kwa kamba ya makumbi waliyoisokota mama zetu mpaka viganja vikachubuka. Sisi wasichana tulipeleka maji na uji, tukiimba. Lilipokwisha, Jumbe, yule tuliyewekewa na serikali, ambaye hata boriti moja hakuigusa, akatwaa kamba aliyoisokota mama yangu akaifunga mdomoni mwa daraja. Eti Bwana Shauri, yule Mzungu wa wilaya, anakuja kesho kulifungua, na mguu wa mtu usitangulie wake!

Alasiri ileile shangazi Mwanaidi akashikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya. Wakamlaza kwenye kitanda cha kamba, wakambeba mbio wamfikishe zahanati ya Kibiti. Jumbe akasimama mbele ya kamba, askari wake kando.

"Jumbe, wifi yangu anakufa!" mama alilia. "Mikono yetu imelijenga, miguu yetu ina najisi?"

"Amri si yangu, Mama Zuhura," alijibu bila kumtazama. "Shukeni majini."

Wakashuka. Maji yalikuwa yamejaa, yakawafika kifuani, kitanda wamekiinua juu ya vichwa, na pembeni daraja letu tupu, limepambwa makuti. Shangazi alipona. Mtoto alizaliwa ng'ambo, kwenye tope, wala hakulia. Kesho yake Bwana Shauri alivuka, akampa Jumbe mkono, akageuka akaenda zake. Wanasema mchumia juani hulia kivulini. Wapi! Tulichuma sisi juani, akala aliyeshinda kivulini.

Siku hizi pale pana daraja la zege, na bendera ni yetu. Walipolimaliza wakafunga utepe, tumngoje mgeni rasmi. Jua likapanda, mgeni haonekani, na bodaboda iliyombeba mwanamke mwenye uchungu imezuiwa.

"Bibi, subira huvuta heri," mgambo mmoja akaniambia.

Subira! Mkasi ulikuwa kwenye sinia, juu ya kitambaa cheupe. Nikauchukua, nikaukata ule utepe.

"Pita, mwanangu," nikamwambia dereva.