Pikapu Zizini

Juzi nilikuwa nikikagua gari la mkononi mjini Ifakara, gari langu la kwanza. Muuzaji alipofungua mlango, harufu ya viti vikuukuu vilivyopigwa jua ilinirudisha nyumbani, Idete.

Alasiri moja nilipokuwa mtoto, baba alikuja na pikapu iliyosikika ikikohoa tangu mbali. Ng'ombe wetu walikuwa wameswagwa asubuhi, nami niliamini wamepelekwa malishoni Malinyi. Leo najua waliuzwa wote ili tupate gari. Baba aliliingiza zizini, palipolala mali yetu siku zote, huku akilipigia mluzi kama ndama mkaidi. Nikafunga lango la miiba. Samadi ilikuwa bado mbichi chini ya magurudumu.

Jua lilipopoa, baba akiwa bado kwenye usukani na injini ikinguruma, mama alitoka jikoni na kibuyu cha kukamulia, kama kila jioni. Alipofika langoni akasimama.

“Baba Minza,” alisema taratibu, “nimesahau.”

Nilimwonea huruma.

“Mama, usijali,” nikamwambia. “Kesho baba atawafuata na gari.”

Mama akarudi jikoni na kibuyu kitupu. Baba alizima injini, lakini hakushuka.