Mpaka Jino la Mwisho

Ukipita mtaani kwetu Temeke ukauliza habari za Daktari, kila nyumba itakuambia kwamba hakuna aliyempenda kama wao. Nami nasadiki. Sote tulimpenda. Tulimpenda kama watu wanavyompenda mhubiri mwenye sauti nzuri: tunamsikiliza mpaka mwisho, tunatikisa vichwa, kisha tunarudi kufanya yale yale tuliyokuwa tukiyafanya.

Kwa kweli hakuwa daktari. Alikuwa dresa katika hospitali ya serikali mjini, akafunga vidonda vya watu mpaka akazeeka, ndipo akaja kufungua duka la dawa katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Wazungu wa hospitali hawakumwita daktari hata siku moja. Sisi tulimwita hivyo kila tulipofungua kinywa, naye hakutukataza.

Kwenye duka lake ilikuwa sharti uje na chupa yako. Yeye ana dawa, wewe lete chombo. Kwa hiyo alizijua chupa za mtaa kuliko alivyozijua sura zetu. Shangazi yangu, ambaye naishi kwake, alikuwa na chupa ya marashi yenye shingo ndefu. Mwarabu mwenye duka la pembeni alikuwa na chupa kubwa ya siki. Karani wa serikali, aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, alikuwa na chupa ya wiski aliyopewa na Mzungu wake, na hakuifunga katika kitambaa kama wengine. Aliibeba mkononi, karatasi yake ya dhahabu ikitazama njia.

Dawa ya homa ilikuwa kwinini ya maji. Akishaimimina, Daktari alichukua utepe wa karatasi, akaukunja, akaukata kwa mkasi upande mmoja mpaka ukawa na meno kama msumeno, akaubandika ubavuni mwa chupa kwa uji wa ngano. Kila jino ni dozi moja. Jino moja asubuhi, jino moja jioni. Hata asiyejua kusoma angeona alipofika na palipobaki.

"Mpaka jino la mwisho," alisema. "Usiniambie umepona. Kupona ni kazi yangu mimi kukuambia."

Maneno hayo aliyasema kwa sauti, kama alivyosema mambo yote. Ukienda na ugonjwa wa tumbo alikuuliza mbele ya benchi zima choo chako kikoje, chepesi au kizito, na kina rangi gani. Mimi nilikuwa tayari kuumwa mwezi mzima kuliko kuulizwa hivyo. Lakini wengi walifurahi, hasa waliokuwa wakisubiri zamu.

Sasa nitaeleza tulivyokuwa tukinywa. Kwinini ni chungu, tena masikio huvuma kama umelala ndani ya debe na mvua inanyesha. Mtu alikunywa jino la kwanza, akanywa la pili, homa ikapungua. Hapo alitafuta kizibo, akaiziba chupa, akaisukuma chini ya kitanda. Dawa haimwagwi, ni mali. Shangazi aliwahi kumnywesha kuku wake aliyekuwa akisinzia, na kuku akaamka, jambo lililomwongezea Daktari sifa. Homa ikirudi, tulikwenda dukani na chupa nyingine, tukasema ni homa mpya. Daktari akaamini kwamba mtaa wetu una homa za namna nyingi, na kwamba zote anazishinda.

"Ile ya kwanza ulimaliza?" aliuliza.

"Nilimaliza, Daktari. Hata kizibo nilikilamba."

Naye aligeuka kuelekea kwenye benchi akasema, "Mnaona? Katika mtaa huu homa ikitoka mlangoni kwangu hairudi." Benchi likasema kweli, Daktari.

Masika moja akaumwa mwenyewe. Mkewe alimimina kwinini katika chupa nyeupe ambayo mumewe alikuja nayo kutoka hospitalini, yenye kizibo cha kioo. Yeye akiwa kitandani, anatetemeka, akamwelekeza jinsi ya kukata meno. Mkewe akayakata na kubandika, na tangu siku hiyo akawa mlinzi wa chupa ile. Alikuwa mwanamke mpole, wa bara kama mumewe. Aliogopa jambo moja tu, kwamba mumewe hatainywa mpaka chini, kwa kuwa aliijua sura anayoikunja mbele ya dawa chungu. Sisi hatukuwa tumeiona.

Kwetu huendi kumwona mgonjwa mikono mitupu. Wenye kitu hupeleka machungwa, au mayai, au uji. Shangazi alitazama jikoni, akatazama bandani kwa kuku, kisha akapiga magoti akaingiza mkono chini ya kitanda. Akatoka na chupa ya marashi, akaifuta vumbi kwa upindo wa khanga.

"Shangazi, hiyo dawa si ametoa yeye?" nilimwambia.

"Ndiyo. Mwenye homa unampelekea nini kama si dawa ya homa? Machungwa yatamtibu nini?"

Nilidhani ni wazo la shangazi peke yake. Tulipofika, chupa ya wiski ilikuwa imekwisha kukaa dirishani. Karani alikuwa kwenye kiti, miguu kaikunja kama yuko ofisini. Hatujamaliza salamu, Mwarabu akaingia na chupa ya siki chini ya kwapa.

Daktari aliinua kichwa. Akaomba chupa ya marashi, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Bi Mkubwa, hii nilikupa lini?"

"Ile masika iliyoangusha choo cha Mwarabu."

"Hilo nalo lazima litajwe?" Mwarabu akauliza.

"Hapa pana meno mawili tu yamenywewa," Daktari akasema. "Uliniambia umemaliza."

"Homa ilikwisha, Daktari. Ningeinywea nini tena? Nikakuwekea wewe, na leo unaona faida yake."

Akaitisha ya karani. Hiyo haikuwa imefika hata chini ya jino la kwanza.

"Mtu wa ofisi hawezi kwenda kazini masikio yanavuma," karani akaeleza. "Mzungu anasema jambo, mimi nasikia mvua."

"Ya kwangu imepungua sana," Mwarabu akasema.

"Imekauka," Daktari akamjibu. "Kizibo chako kibovu."

Kufikia jioni dirisha lilijaa, na nyingine zikapangwa sakafuni. Mkewe alikuwa akizipokea moja moja na kusema asante, maana adabu ni adabu. Mgonjwa alilala kwa ubavu akiziangalia. Miaka yote alidhani ametibu mtaa, kumbe alikuwa akijaza mivungu yetu.

Siku ya tatu homa ikamwachia. Hasira ndiyo iliyomtoa kitandani, nadhani, kuliko dawa. Alivaa koti lake jeupe, akaamuru chupa zote zitolewe barazani, zikapangwa juu ya benchi. Akatuita. Tulikuja wote, wengine na mikeka, kama tunaokwenda kusikiliza ngoma.

Alizinyanyua moja moja. "Hii ya nani? Sitaji jina. Ina harufu ya mawaridi." Watu wakamtazama shangazi, wakacheka. "Hii je? Ina karatasi ya dhahabu." Wakacheka zaidi. Kila mtu alicheka chupa ya jirani yake, na ya kwake ilipofika alijikuta ana shida na kiatu.

Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango, mahali ambapo sitaonekana. Mkewe akaja nyuma yangu, ameshika gilasi.

"Baba, jino la asubuhi."

"Ngoja, Mama."

"Ulisema ngoja na la jana jioni."

"Huoni nimepona? Niache niwafundishe hawa."

Alisema hivyo bila kugeuka, mkono wake umeinua chupa ya siki juu ili waliokaa nyuma nao waone. Mama, ndivyo sote tulivyomwita mkewe, alisimama na gilasi yake mpaka ile ya siki ikaisha kuchekwa, na nyingine ikaanza. Kisha akarudi ndani. Nilifikiri nimwambie Daktari. Lakini kusema mbele ya watu wote wale, hapana.

Kabla ya juma kwisha homa ilirudi, na mara hii ilipanda kichwani. Alikuwa akimkaripia kuku wa shangazi kwa kutomaliza dawa. Mwarabu akatoa lori lake, wakamlaza juu ya magunia, Mama akapanda naye, wakaenda mjini, kwenye hospitali ile ile aliyoifanyia kazi. Lori lilirudi asubuhi, na dereva hakushuka haraka.

Matanga yalikuwa makubwa. Watu walilia kwa haki, siwezi kuwasingizia. Kisha wakaanza kutafuta sababu. Wengine walisema husuda ya wenye maduka ya dawa mjini. Shangazi alisema ni jicho, kwa vile alisimama mbele ya watu wengi. Halafu karani akasimama, amevaa tai nyeusi, akatoa hotuba.

"Marehemu alitufundisha neno moja," akasema. "Mpaka jino la mwisho. Na sisi wa mtaa huu tulilishika neno hilo."

Benchi likasema kweli.

Mama alikuwa amekaa mkekani na wanawake. Akainuka, akaingia chumbani, akarudi na chupa nyeupe yenye kizibo cha kioo. Akaiweka katikati ya mkeka. Karatasi ilikuwa upande wetu, na hata asiyejua kusoma aliona palipobaki. Karani akakaa.

Wa kwanza kuuliza alikuwa shangazi.

"Mama, hiyo utaifanyaje?"

"Nitaimwaga, dada. Sitaki kuiona."

"Usiimwage. Nipe mimi. Ya kwake mwenyewe, aliyoinywa kwa kinywa chake, itakuwa na nguvu kuliko zote."

Mama akaisukuma chupa kwa mguu, taratibu, ikafika kwenye magoti ya shangazi.

Sasa iko mvunguni, ubavuni mwa ile ya marashi. Masika haya nilishikwa na homa, shangazi akaitoa, akaifuta, akaninywesha kwa heshima kubwa. Jino moja asubuhi, jino moja jioni. Masikio yakavuma. Kulipokucha nilikuwa mwepesi, nikatafuta gilasi ninywe jino lililofuata. Shangazi akaninyang'anya chupa.

"Umeshapona," akasema. "Hii ni ya Daktari. Hatuwezi kuimaliza."

Akaiziba, akairudisha chini ya kitanda.