Mahudhurio ya Mwalimu Konsolata

Nilitoka Bukoba kwa sababu sauti ya Mwalimu Konsolata ilikuwa inakwisha. Ni Mnyarwanda, jirani yangu wa zamani nilipokuwa nauza mitumba Kampala, na madaktari walikuwa wamemwambia kwamba upasuaji wa koo, wiki hiyo hiyo, ungeondoka na sauti yake. Rafiki yangu Rwegoshora, mwalimu wa historia, alitaka wanafunzi wake wamsikie mtu aliyenusurika mauaji ya kimbari.

"Wewe miguu yako haitulii," aliniambia. "Nenda ukamrekodi."

Asubuhi tulifika daraja la Kyaka. Basi lilipopita juu ya mto Kagera, mzee wa kiti cha mbele alifunga dirisha ingawa kulikuwa na joto. Sikumuuliza. Watu wa umri wetu tunakumbuka maiti zilizoletwa na mto huo kutoka Rwanda. Mutukula, mpakani, tulivuka kuingia Uganda.

Jioni niliingia Kisugu, mtaa wetu wa zamani Kampala. Kibanda nilikokuwa nakula chapati na mayai sasa ni ghorofa. Lango la Hajati Zamzam, Mnubi aliyetupangisha vyumba miaka hiyo, lilikuwa bado la kijani.

"Banange! Wewe bado iko hai?" Hajati alicheka. "Na hii tumbo umetoa wapi? Ulikuwa mwembamba kama waya!"

"Shikamoo, Hajati."

"Hiyo shikamoo yenu ya Tanzania! Kalibu ndani. Lakini usimusumbue Mwalimu na maneno mingi. Sauti iko karibu kuisha."

Mwalimu alikuwa amekaa wima, akitazama ukuta mtupu. Kwao alifundisha shule ya msingi. Siku walipovamiwa, darasa lake lilikuwa limejificha naye kanisani. Alitoka yeye peke yake.

"Sitasimulia mapanga," alisema kwa mkwaruzo. "Nitaita mahudhurio. Naita jina, nangoja, naita lingine. Ndivyo nilivyofanya kila asubuhi."

Nilibonyeza simu. Hajati alizima redio.

"Valensi." Akangoja. "Domitila." Akangoja. Hakusoma popote. Macho yake yalipita ukutani taratibu, safu kwa safu, kama ya mtu anayetazama madawati. Nilijikuta nikivuta miguu chini ya kiti, nisije nikamzibia mtu njia.

Alipomaliza tukasikiliza rekodi. Majina yalitoka mfululizo, moja juu ya jingine, kama watoto wanaosukumana mlangoni. Nilikuwa nimesahau kwamba simu yangu imewekwa iruke kimya: isiposikia kitu, hairekodi.

"Umewanyima nafasi ya kujibu," Mwalimu alisema.

Kabla sijaomba radhi, baada ya jina la Klaveri, mfululizo ulikatika. Kimya kirefu. Kisha majina yakaendelea kukimbia hadi mwisho. Hajati alishika ushungi wake.

"Hapo simu imesikia nini?"

Tulirudia. Mimi sikusikia kitu. Mwalimu aliichukua simu, akaiweka sikioni na kukaa nayo muda mrefu.

"Klaveri alikuwa mchelewaji," alisema hatimaye. "Alikuwa akijibu wenzake wakishaanza kumcheka."

Akaomba maji ya moto. "Rekebisha hiyo simu. Tunaanza upya."

"Mwalimu, utamaliza sauti!" Hajati alimkemea.

"Nilikuwa naiwekea nani?"

Aliwaita wote tena, na safari hii nilihakikisha kila kimya kinaingia. Majina ya mwisho yalikuwa pumzi tu, lakini yanasikika.

Wakati wa kurudi, pale Kyaka, niliacha dirisha langu wazi.

Bukoba, Rwegoshora aliwawekea wanafunzi rekodi hiyo. Kwenye kimya cha kwanza, kijana mmoja wa nyuma alicheka. Cha pili hakucheka. Lilipofika jina la Klaveri, kimya kilidumu kuliko vyote, na Rwegoshora, akidhani rekodi imekwama, alinyoosha mkono aizime.

Nilimshika.

"Ngoja," nilimwambia. "Huyu huchelewa."