Siku ya Tisa Iliyomezwa

Laiti ningemkatalia mwana wa tajiri wangu, mama wa Kihindu, asubuhi ile, nje ya duka lao hapa Korogwe. Alikuwa ametoka Dar kumchukua mama yake akatibiwe macho, na miadi ya hospitali ilikuwa jioni hiyohiyo.

"Shikamoo, mzee. Leo ni ya tisa, siku ya baba," aliniambia. "Mama akijua atapika mpaka adhuhuri, tutachelewa. Mwambie imemezwa jana."

Nilikubali.

Mimi ni Mzigua wa Handeni, Mwislamu. Niliajiriwa dukani pale nilipomaliza kidato cha nne, na marehemu mumewe akanifundisha kusoma panchang, kalenda yao ya Kihindu. Mwezi wao una nusu mbili, ya mwezi wa angani unaokua na ya unaopungua, kila nusu siku kumi na tano. Siku hizo hufuata mwendo wa mwezi, kwa hiyo moja yaweza kuanza mchana watu wakiwa kazini, au usiku wamelala. Ile inayokutwa na jua likichomoza ndiyo hutawala mchana wote. Ikianza baada ya jua kuchomoza, ikaisha kabla halijachomoza tena, haipati mchana wake. Hiyo ndiyo iliyomezwa, na mambo yake hufanywa pamoja na ya siku iliyoimeza.

Macho ya mama yalipoingia ukungu, nikawa namsomea kila asubuhi. Kila mwaka, siku ya tisa ya nusu ile aliyofia mumewe, alipika wali wa maziwa akawawekea kunguru uani, maana kwao wakila kunguru ndipo marehemu amekula, kisha naye ale. Asubuhi ile akaniuliza kama kawaida:

"Wewe Mzigua, leo ngapi?"

"Ya kumi, mama."

"Jana si ulisema ya nane?"

"Ya tisa imemezwa jana. Nilipitiwa kukwambia."

"Umezeeka kunishinda!" Akacheka, kisha akageukia uani. "Basi baba wa watu kalala njaa."

Akaingia garini.

Huko Dar macho yalipona, akaisoma kalenda mwenyewe, akaona ya tisa haikumezwa. Alinipigia simu.

"Ulijua?"

"Nilijua, mama."

Akakata. Nilipiga mara nyingi, hakupokea. Hakurudi Korogwe. Alifariki huko, nami nikapata habari wameshauchoma mwili wake kwa desturi yao. Nilipoteza imani yake kwangu, na sikupata kumwomba radhi.