Goti Chini ya Gunia

"Unamficha mkweo," Masele alisema, akaliegemeza rungu lake la usungusungu kwenye kihenge cha watu bila hata hodi.

"Nimfiche wapi, kwenye chungu?" Felisita aliendelea kuchambua pamba, safi huku, fifi yenye madoa kule. "Mtu mwenyewe mrefu kama nguzo ya simu."

"Upelelezi tulikupa wewe. Pamba inatoka nyumbani gunia limevimba, ikifika kwenye mzani wa Ngusa imekonda kama imeugua njiani. Kesho gari la mnunuzi linaondoka. Watu wanasema mnakula pamoja."

Neno hilo lilimchoma. Tangu sungusungu wa huko upande wa Lagangabilili wamchague kuwa mpelelezi, wezi wa ng'ombe walikuwa wakijisalimisha wenyewe ili wapate usingizi. Aliwahi kukamata fisi, akamhoji mpaka jogoo akawika, na fisi akataja wenzake. Anayebisha akamuulize fisi.

Lakini Ngusa hakuwa fisi. Alikuwa mume wa binti yake Elina, na kwa Wasukuma mkwe na mama mkwe hawatazamani. Wakikutana njiani, mmoja anaingia porini. Tangu soko huria lilete wanunuzi wenye magari na miwani ya jua, na mmoja wao amweke Ngusa kuwa mpimaji, Felisita hakuwa amekanyaga mzanini. Hata pamba yake ilipelekwa na jirani.

"Nimpeleleze kwa pua?" aliuliza.

"Mimi nilijaribu. Nilivaa kanzu, nikajifanya mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka mbali. Ngusa akaniamkia, 'Mwadila, baba Masele.'"

"Ile haikuwa kanzu. Lilikuwa gauni la mkeo."

Masele alichukua rungu lake akaondoka amenuna. Felisita alibaki na pamba mkononi, akiwaza. Mkwe akimwona mama mkwe hukimbia, sawa. Na anayekimbia hukiacha alichokuwa anakifanya. Akacheka peke yake, akajifunga kitenge vizuri.

Mzanini gunia la mzee Zengo lilikuwa limening'inia kwenye ndoano, Ngusa amelisimamia karibu kama anayelipenda. Felisita alipita katikati ya foleni, macho chini, mpaka mbele kabisa. Akakohoa.

Ngusa aliinua uso, akaona kitenge cha mama mkwe. Mila ikamshika miguu. Aliruka magunia kama swala, na wapo wanaoapa kwamba vumbi lake lilionekana Maswa. Nyuma yake gunia likazama, likayumba, na mshale wa mzani ukaruka mbele kama umechomwa mwiba. Hakuna aliyeongeza hata tumba moja la pamba. Kumbe siku zote goti lake lilikuwa chini ya gunia, likilinyanyua polepole. Watu walikuwa wakitazama mshale, nani atazame goti?

Jioni Masele alirudi. Safari hii rungu alilisimamisha nje.

"Mayu, mama yetu, kijiji kinakuomba radhi. Waliosema mnakula pamoja wameufyata. Ila baraza linataka shahidi. Ulimwona akiweka goti?"

"Sikumwona. Nilitazama chini, kama inavyotakiwa. Mzani ndio uliomwona."

"Vijana wanataka achapwe."

"Akichapwa atalala kwa Elina akinyweshwa uji. Pamba yote ipimwe upya kabla gari halijaondoka, na kila gunia alitundike yeye, mbele ya watu wote, magoti yakiwa wazi. Mimi nitakaa pale."

"Ukikaa pale atakimbia tena."

"Basi nitakaa nyuma ya gari. Nitakuwa nakohoa tu."

Masele alicheka mpaka akashika mbavu. "Na huyo Elina utamwambia nini?"

"Elina nitamwambia kwamba mume wake—"

Mtu alikohoa mlangoni mwa ua. Alikuwa Ngusa, kuku wa kuomba radhi kwapani, akiingia kinyumenyume ili asimwone mama mkwe. Felisita alijitupia kitenge kichwani, akapotelea nyuma ya kihenge.