Mchunga wa Susu

Sisi tuliokulia kijijini Kola miaka ya tisini tuliujua mchunga kabla ya kujua kusoma. Ni yale majani marefu yanayotoa maziwa meupe ukiyakata, maua yake manjano. Kwa Kikamba tunaita uthunga. Ulijiotea wenyewe kati ya mistari ya mahindi, na mchana tukitoka shule tunajua kuna kitu sufuriani. Juzi binti yangu aliona ua lake kwa simu akaniuliza kama huwa linauzwa na chungu chake.

Nyanya yetu, tuliyemwita Susu, hakuupika ovyo. Aliuchemsha, akamwaga maji ya kwanza yenye uchungu, akauchanganya na majani ya kunde, kisha maziwa kutoka kwa kibuyu. Tulikula na ugali pale mlangoni, nyuso zimekunjamana, na mikono bado inarudi kwenye sahani. Watoto wa siku hizi wakionja kitu kichungu wanataka kupelekwa hospitali.

Mwaka mmoja mvua ilikataa. Susu akaenda sokoni na mama, nami nikitaka kusifiwa nikachukua jembe nikapalilia shamba lote, mchunga nikawatupia mbuzi. Susu aliporudi alisimama akashika kiuno.

"Umeng'oa chakula, ukaacha mahindi yaliyokauka," alisema.

Sikujua kwamba alikuwa akiuruka mchunga kwa makusudi kila akilima. Akainama, akafukua udongo kwa kidole, akanionyesha mzizi mweupe. Akaniambia huu haufi, ukikatwa juu unarudi. Na kweli, hata mwezi haukuisha mchunga ukawa umerudi, tukaula hadi mvua ikaja.

Sasa sikia. Mwezi uliopita mama alitoka hospitali, akaja kukaa kwangu mjini Syokimau, akakataa kula. Uji hapana, supu hapana. Siku ya nne akasema angekula mchunga tu, kama wa Susu. Nilifurahi sana. Asubuhi na mapema nikashika njia ya Kola na kikapu changu.

Shamba lilikuwa safi kama sakafu iliyodekiwa. Hata jani moja la mchunga hakuna, na mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Nikapiga magoti, nikafukua kwa kidole pale pale Susu alipofukua. Mzizi ulikuwa mweusi, ukavunjikia mkononi.

Nikamwendea ndugu yangu Mutua, aliyebaki na boma, nikamuuliza kwa ukali ni nani amefanya haya.

"Ni ile dawa ya magugu ulituletea, dada. Si ulisema tuache kuhangaika na majembe?"

Enzi zile niliharibu kwa jembe, na mzizi ukanisamehe. Safari hii nimeharibu kwa chupa, tena nikijiona nimewasaidia.

Nilirudi jioni na kikapu kitupu. Mama akainua kichwa, akauliza kama mchunga umeota. Nikamwambia bado, mvua imechelewa. Na huko nje ilikuwa inanyesha.